Mume Wangu Ndiye Aliyepiga Ngoma Ndani ya Basi

Bi Aleida mpendwa,

Safu yako naisoma kila Alhamisi nikiwa nimesimama jikoni na koti bado mwilini, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikasema moyoni hivi hawa watu hawana hata dada wa kumwambia, na leo nami nimekaa kukuandikia kwa sababu dada ninaye na siwezi kumwambia, maana atamwambia mumewe, na mumewe alikuwemo ndani ya basi lile lile nitakalokueleza. Naomba unisaidie. Ukitaka kunigombeza nigombeze, ila usinicheke.

Mume wangu Roelof ni mpiga ngoma wa jukwaa la kusini katika uwanja wetu. Wewe ni wa hapa, umeshamsikia hata kama humjui sura, maana ngoma yake siku ya mechi inasikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Kabla hajaanza wimbo wowote hugonga ukingo wa ngoma kwa kijiti mara mbili, tak-tak, watu wananyamaza, halafu ndipo anaangusha mkono. Alikuwa anafanya hivyo tangu hatujaoana. Na unajua pia kwamba tukicheza na timu ya Amsterdam, ambayo mashabiki wake wenyewe hujiita Wayahudi ingawa wengi wao hata mlango wa sinagogi hawaujui, hapa kwetu huimbwa zile nyimbo za kuwatukana Wayahudi, na baada ya nyimbo unakuja ule mlio, watu elfu nzima wanatoa pumzi katikati ya meno, ssss, mlio wa gesi, na hapo ngoma hunyamaza ili mlio usikike vizuri. Miaka yote nilikuwa nasikia nikisema ni mambo ya mpira, wanaume wakishapiga bia wana mambo yao.

Miaka minne iliyopita Roelof alinaswa na kamera, akafungiwa uwanja miaka miwili. Wakati huo ndipo mwalimu wetu mstaafu wa michezo, Bwana Abbing, alikuwa amekusanya watu wachache wa mjini kuanzisha kamati ya kupambana na chuki jukwaani, na utaratibu wao ulikuwa kwamba aliyefungiwa akikubali kuhudhuria vikao vitatu katika nyumba ya mashabiki nyuma ya uwanja, adhabu inapunguzwa. Mimi nilijiunga kwa sababu ya mume wangu, nikapewa kazi ya kahawa, kikombe kimoja biskuti moja, halafu kopo linafungwa. Na mezani anakaa Bi Sippora Drukker.

Bi Sippora ana miaka themanini na saba, ni Myahudi, na timu yetu anaipenda kuliko wewe na mimi. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na viti vyao jukwaa la kusini, chini kidogo ya ngoma, na tangu mumewe afariki anakwenda peke yake. Kila tulipocheza na Amsterdam alikuwa anazima vifaa vyake vya kusikilizia, anabaki anatazama mpira kimya kama mtu anayetazama samaki kwenye tangi. Hakumwambia mtu. Mpaka Bwana Abbing alipokwenda kumwomba aje kusimulia kwenye vikao ndipo watu wakajua kwamba pale katikati yao alikuwa amekaa mtu ambaye ule mlio ulikuwa unamhusu.

Nimemsikia akisimulia mara nyingi sana, Bi Aleida, na kila mara nikisikia nasimama na birika mkononi nasahau kumimina. Alikuwa na miaka minne, wakati wa vita, Wajerumani wakiwakusanya Wayahudi. Mama yake alimvalisha koti, akamfunga vifungo akiwa na haraka, akakosea kimoja, koti likakaa upande, halafu akamkabidhi kwa muuza maziwa juu ya ua wa nyuma ya nyumba. Mtoto akapelekwa shambani mkoa wa Friesland kwa watu asiowajua, akakataa kuvuliwa lile koti, akisema mama atakuja kuvifunga vizuri. Mama na baba walipelekwa kambi ya Westerbork, kutoka huko wakapakiwa kwenye treni mpaka Sobibor, Poland, walikouawa watu kwa gesi, na ndio mwisho. Halafu huwatazama wale wanaume waliojazana mezani na tatuu zao mikononi, na huwauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sijui kama gesi inatoa mlio. Sikuwepo. Nyie mliujulia wapi?"

Roelof alilia siku ile. Nilimwona mwenyewe, machozi ya kweli, makamasi mpaka kidevuni, na Bi Sippora ndiye aliyempa leso. Tangu hapo akawa mtu mwingine, Bi Aleida, usione natetea. Alipofunguliwa akawa anamfuata Bi Sippora kwake kila mechi ya nyumbani, anambebea mto wa kukalia, wanakwenda wameshikana mkono wanabishana kuhusu beki wa kushoto. Wakianza zile nyimbo anaweka vijiti chini, na bila ngoma wimbo unakufa wenyewe. Kwenye vikao yeye ndiye anayezungumza baada ya Bi Sippora, anawaambia wenzake nilikuwa kama nyie, na wanamsikiliza kwa sababu ni Roelof, si mchungaji wala polisi. Hata gazeti lenu liliweka picha yao.

Sasa mwezi Machi tulicheza kombe huko Amsterdam, mashabiki wakapelekwa kwa mabasi, na Jumatatu yake nikiwa naosha vikombe, mke wa kaka yake Roelof akanionyesha video kwenye simu akicheka kwa aibu, akisema, "Hebu ona wanaume hawa, hawakui." Ndani ya basi ni giza, huoni sura ya mtu, unaona migongo ya viti na ngoma iliyobanwa katikati ya magoti na mikono miwili. Wanaimba ule wimbo. Halafu tak-tak. Ngoma ikanyamaza. Halafu ssss, basi zima, refu, halafu kicheko. Mwenye simu hakujua ni nani. Mimi sikuhitaji kuona sura.

Jioni Roelof alivyokaa mezani nikamwuliza kabla sijampakulia viazi, "Nani alikuwa na ngoma?"

"Ngoma gani?"

"Roelof, usinifanye mjinga nyumbani kwangu."

Akaweka uma chini. Akasema, "Hujui walivyonifanya humo ndani. Kuanzia tunatoka hapa mpaka tunafika. Haya, mchungaji kapanda. Roelof, wamekutahiri lini? Roelof, bibi yako Myahudi amekuruhusu kusafiri? Saa nzima, Geesje. Watu niliokua nao."

"Kwa hiyo ukawapigia."

"Mara moja tu. Wakanyamaza. Wakanirudishia bia. Ni wimbo wa mpira, kwani nimemtukana mama wa watu? Yeye hakuwepo."

Nikamwambia, "Ulisimamisha ngoma ili waufanye ule mlio. Ulisubiri." Akavuta bakuli la viazi akaanza kula, na mimi nikakaa namtazama anavyotafuna.

Video ile ikaonyeshwa kwenye televisheni ya mkoa, klabu ikatangaza inamtafuta mpiga ngoma, na basi zima limefunga mdomo, si shemeji si jirani. Wiki iliyofuata Bi Sippora alikuja mapema kwenye kikao, akakaa, akanitazama ninavyopanga vikombe, akaniuliza, "Geesje, mwanangu, nimeona ile video. Roelof alikuwamo kwenye basi lile?" Na mimi, Bi Aleida, bila hata kufikiri, ulimi ukaenda wenyewe, nikasema hapana, alikuwa na mafua, alilala nyumbani. Akaitikia kwa kichwa. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo la pipi za mnanaa za kifua, akaniambia, "Basi mpe pole. Mpelekee hizi." Nikazipeleka. Roelof alikula mbili akiangalia taarifa ya habari.

Sasa tatizo langu ni hili. Tarehe nne Mei, saa mbili usiku, nchi nzima itakaponyamaza dakika mbili kwa ajili ya waliouawa vitani, mwaka huu kwa mara ya kwanza klabu yetu itaweka shada la maua pale kwenye uwanja wa mji, mbele ya kanisa, na watakaolibeba ni Bi Sippora na Roelof. Bi Sippora mwenyewe ndiye aliyemchagua, tangu majira ya baridi, alisema, "Anishike mkono yeye, magoti yangu hayana adabu siku hizi." Roelof ameshanunua suti. Nikimwambia ajitoe ananijibu, "Nijitoe niseme nini? Ukifungua mdomo umeiua kamati. Wiki moja baada ya hapo madiwani wanakaa kuamua kama vikao viendelee, na yule diwani anayesema tunawapa wahuni kahawa na biskuti anasubiri kitu kama hiki. Wanaume kumi na moja wameacha kwa sababu yangu. Unataka warudi kuimba ili wewe ulale vizuri?" Na nikimsikiliza naona anasema kweli, halafu nikimfikiria amemshika Bi Sippora mkono mbele ya mji mzima, dakika mbili hakuna hata gari linalopita, natamani ardhi inimeze.

Nikisema, namwaibisha mume wangu wa miaka thelathini, nawafukuzisha watu uwanjani, nawapa wale wanaomchukia Bi Sippora na watu wake sababu ya kucheka, na mwanamke wa umri ule labda moyo hautahimili. Nikinyamaza, ni mimi niliyemkabidhi Bi Sippora kwa mkono ule. Nifanye nini? Nimechoka kujifanya naumwa kichwa kila mtu akiniuliza nina nini.

Mke wa Mpiga Ngoma


Jibu la Bi Aleida

Mke wa Mpiga Ngoma,

Sikukucheka. Nilisoma barua yako, nikatoka nje kwenda kuwatazama bata mferejini mpaka hasira ilipopungua, ndipo nikarudi kuandika. Pole. Kugundua ubaya wa mtu kwa kuitambua tu mikono yake ni jambo la kuumiza, na kuitambua kwako bila kutaka kujidanganya kunakupa sifa. Sifa zako zinaishia hapo kwa leo, kwa hiyo kaa vizuri.

Tuanze na huyo bwana. Namhurumia kidogo, na kidogo hicho nitakisema ili nisiwe mwongo. Kuzomewa saa nzima na watu uliokua nao, ndani ya basi ambalo huwezi kushuka, ni adhabu, na wanaume wengi wazima wangeuza zaidi ya wimbo ili wapewe bia na kuachwa wapumue. Namwamini akisema hakwenda Amsterdam akiwa amepanga. Lakini usiniletee habari za wimbo wa mpira. Wale vijana wa viti vya nyuma wanaweza kusema hawajui wanachokifanya, na wengine kweli hawajui, hawajawahi kuambiwa na mtu. Roelof amekaa meza moja na mwanamke yule mara ngapi? Koti analijua. Kifungo anakijua. Swali lile la mlio ameulizwa usoni. Mtu huyo huyo akainua kijiti, akainyamazisha ngoma, akasubiri. Wote mle ndani waliutoa mlio, ila ni mmoja tu aliyekuwa anajua anamtolea nani.

Sasa wewe. Umeniandikia kurasa sita, na ndani yake umepima aibu ya mumeo, adhabu ya mashemeji zako, kura za madiwani, na usingizi wako. Bi Sippora umempima moyo tu, kama daktari, ukaamua hautahimili. Nani alikupa kazi hiyo? Mwanamke huyo alikabidhiwa juu ya ua akiwa na miaka minne, akakua, akaolewa, akazika mume, akakaa kwenye jukwaa lile miongo na miongo akijua majirani zake wanaimba nini, na akaendelea kununua tiketi. Wewe ndiye usiyehimili. Tafadhali usimtumie mzee wa watu kama pazia la kujifichia.

Na kuna jambo moja katika barua yako ambalo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe ukalipita. Unasema viti vyao vilikuwa chini ya ngoma. Unasema mumeo hugonga ukingo mara mbili kabla ya kila wimbo tangu ujana wake. Wewe uliposikia ile tak-tak kwenye simu hukuhitaji kuona sura. Na Bi Sippora je? Amekaa chini ya ngoma ile miaka mingi kuliko ndoa yako. Hata akizima vile vifaa vyake, ngoma kubwa namna ile mtu huisikia kifuani. Video aliiona kwenye televisheni, nyumbani kwake, na vifaa vikiwa masikioni. Unadhani alikuuliza kuhusu Roelof kwa sababu hajui?

Mimi simo kichwani mwake, nakisia tu. Lakini mtu anayetaka kujua alikuwemo nani ndani ya basi anamwuliza Bwana Abbing, au klabu, au anamwuliza Roelof mwenyewe anapokuja kumchukua. Yeye alikuja mapema, kabla ya watu, akakungoja wewe umalize kupanga vikombe. Alikuita mwanangu. Alikuwa anakuuliza wewe ni nani. Ukamjibu mafua. Akakupa pipi. Mimi ningekumwagia kahawa.

Kuhusu kamati mtanisamehe nyote, na Bwana Abbing namheshimu, alinifundisha kuogelea. Kazi yenu ni njema na wale kumi na mmoja walioacha ni kumi na mmoja wa kweli, sitawachukua mikononi mwenu. Lakini mmeitundika kazi nzima kwenye misumari miwili, machozi ya mwanamume mmoja na mama wa mwanamke mmoja. Mmemfanya mzee wa watu amweke mama yake mezani kikao baada ya kikao, pamoja na lile koti la vifungo vibaya, ili wanaume wazima warudi uwanjani mapema. Na wakishalia mnawapiga picha. Gazeti langu nalo limo, ile picha tuliipenda sana hapa ofisini, hakuna aliyeuliza huyu bwana atafanya nini siku ambayo Bi Sippora hayupo. Kazi hii inatakiwa kufanyika ndani ya basi, ambako hakuna mzee wala biskuti. Mwambie Abbing apeleke hoja hii kwa klabu: wakianza wimbo ule njiani, dereva aegeshe pembeni, azime injini, na mechi iwapite. Wawe wamekaa humo na mvua yao wakitazamana. Baada ya mara mbili watajifunza wenyewe kumnyamazisha mwenye ngoma. Na madiwani waambiwe kweli yote, pamoja na hii ya Roelof. Kamati inayosimama kwa sababu mtu mmoja ameficha jambo, huyo diwani wa kahawa na biskuti hata kuisukuma hahitaji.

Haya. Utafanya hivi.

Utakwenda kwa Bi Sippora peke yako, bila supu, bila maua, bila keki, mikono mitupu. Usiende kumsemea mumeo, wala usianze na zile kejeli za ndani ya basi, hizo ni zake, atazieleza mwenyewe akithubutu. Wewe nenda na uwongo wako. Mwambie: Roelof hakuwa na mafua, alikuwa kwenye basi, ngoma ilikuwa yake, nilijua nilipokudanganya. Halafu nyamaza. Usilie pale. Nakwambia hili kwa ukali kwa sababu nakujua kwa barua yako: utataka kulia, naye atatafuta leso kwenye ule mkoba, na ataishia kukubembeleza wewe. Ameshawagawia leso za kutosha nyumbani kwenu. Akikufukuza, ondoka. Akisema hataki kukuona tena kwenye kahawa, basi kahawa atamimina mtu mwingine, na wewe utamsalimu barabarani bila kungoja akuitikie. Akikukaribisha ndani, ingia, lakini usiichukue kuwa ndiyo msamaha. Huenda ni adabu tu.

Ukirudi, mwambie Roelof umekwenda. Usimwombe ruhusa kabla, maana atakupa sababu nzuri tena, na wewe kwa sababu nzuri ni dhaifu. Mpe mpaka Jumapili aende kwa Bwana Abbing na kwa klabu ajitaje kwa mdomo wake, yeye peke yake, bila kumtaja hata mmoja wa wale wengine. Hao kila mtu ana mke wake. Afungiwe kadiri watakavyomfungia, na safari hii asiombe kupunguziwa kwa kikao wala kwa machozi. Asipokwenda, Jumatatu unakwenda wewe. Utanijibu kwamba hapo ndoa inaweza kuvunjika. Ndiyo, inaweza. Sina dawa ya hilo, na mshauri atakayekuahidi kwamba mtacheka pamoja baada ya mwaka anataka tu umpende. Ila kuna kitu nimekiona: alipokuwa anakula viazi ulikaa unamtazama anavyotafuna. Mwanamke anayemtazama mumewe hivyo, ndoa yake imeshaingia baridi, uwe umesema au hujasema.

Shada la tarehe nne Mei si lako wala la Roelof wala la klabu kuamua. Mwulize Bi Sippora. Akisema atalibeba na Abbing, sawa. Akisema atalibeba peke yake na magoti yake yasiyo na adabu, mtu atembee nyuma yake hatua chache asimguse. Akisema mwaka huu hataki shada la klabu, basi pale mbele ya kanisa pabaki patupu na kila mtu apaone. Na inawezekana kabisa, maana watu wa namna yake hawatabiriki, akasema bado anamtaka Roelof amshike mkono. Hapo mumeo atakwenda, na suti yake, akijua kwamba Bi Sippora anajua. Hiyo sijui kama ataiweza. Mimi nisingeiweza.

Jambo la mwisho, nalo nilikuambia kwenye simu ulipopiga kuulizia barua yako, ila nadhani hukunisikia kwa sababu ulikuwa unatafuta kusikia jingine. Nilikuambia naweza kubadilisha majina, na nimeyabadilisha yote, lakini mji wetu ni mdogo na una ngoma moja. Nilikuuliza mara mbili kama nichapishe. Ukasema chapisha, hakuna atakayejua. Bi Sippora anasoma gazeti hili. Aliwahi kuniandikia kunikosoa, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba ninawaonea wanaume huruma kupita kiasi.

Leo ni Alhamisi. Gazeti limeangushwa mlangoni kwake asubuhi hii kama lilivyoangushwa kwako. Anasoma kwa kioo cha kukuzia, polepole, na huanza na ukurasa wa kwanza. Sisi tuko ukurasa wa kumi na tisa. Koti unalo mwilini. Nenda.

Aleida